Kwa Mkubwa Kwanza, Qali Mwisho

Saynab, mke wa Kulow, alikuwa hajawahi kupanda treni. Mumewe naye vilevile, na huyu ni dereva wa lori kwa miaka ishirini na tano, mtu aliyeijua barabara ya Garissa hadi Mandera shimo kwa shimo. Msiwacheke. Garissa haina reli, Wajir haina, Mandera haina, na anayetaka kuiona lazima avuke daraja la Tana ashike njia ya Nairobi mpaka akaribie Thika. Kwa hiyo mwaka wa 1999, ilipojulikana pale Soko Mugdi, mjini Garissa, kwamba hawa wawili watazunguka Ulaya kwa treni mwezi mzima, watu waliangua kicheko kwanza, halafu ndipo wakauliza kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema Saynab, huku akimimina maziwa bila kuinua macho.

"Na huko ndani ya treni utauza nini?" akauliza Maka, jirani yake wa kibandani, naye pia muuza maziwa, mwanamke mwenye ulimi usiolala.

"Sitauza kitu. Nitakaa tu, kama wewe unavyokaa hapa tangu asubuhi."

Wanawake wakacheka, na Maka akacheka kuliko wote, maana alipenda kujibiwa.

Kazi ya Saynab ilikuwa maziwa ya ngamia, na kazi hiyo aliijua kwa pua. Jerikeni zilishushwa alfajiri kutoka maboma ya mbali. Yeye alifungua kifuniko, akanusa mara moja, akajua yamekamuliwa jana au juzi, na kama kuna mtu aliyeongeza maji alimjua na jina. Kila siku kabla ya yote alivifukiza vyombo vyake vya kusukwa. Alitia kaa la moto ndani, akafunika, akakitikisa chombo, akaacha moshi uingie mpaka kwenye mishono. Maziwa yakimiminwa humo hukaa bila kuharibika, tena hupata harufu ile ambayo mtu wa huku akiikosa hunywa maziwa kama anayekunywa dawa. Wateja walimpita Maka wakaja kwake kwa ajili ya moshi huo tu.

Jambo moja tu lilikuwa linawashangaza watu. Wenzake wote walikuwa wakikimbilia stendi basi la Nairobi likijaa, wakawauzia abiria madirishani. Saynab hakwenda. Miaka minne hakukanyaga stendi. Ukimuuliza, alisema miguu inamuuma, na miguu hiyohiyo ndiyo iliyomleta sokoni kila siku kutoka nyumbani, mtaa wa Bula Iftin.

Sasa hiyo safari ya Ulaya ilitoka wapi? Ilitoka kwa watoto, na watoto hawakuwa wa tumbo lake. Yeye na Kulow walikaa miaka kumi na minane bila kupata mtoto, wakaulizwa na kila mtu, wakashauriwa na kila mtu, Kulow akaambiwa aoe mwingine, akasema lori lake lina kiti kimoja tu cha abiria. Halafu vita vikavunja Somalia. Sado, dada mkubwa wa Saynab, alikuwa ameolewa Kismayo. Mwaka 1992 habari ikaja kwa redio ya upepo, ile ambayo mkisemeshwa nayo chumba kizima kinasikia: watoto wanne wa Sado wamefika Diff, mpakani. Mama yao hayupo tena, na baba yao pia.

Kulow alikuwa amepakia sukari ya watu. Aliishusha yote uani kwake, akawasha gari, wakaenda. Diff waliwakuta watoto wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa duka. Mohamedamin, wa miaka kumi na saba, alikuwa amembeba mgongoni mdogo wao, Qali, wa miaka miwili. Wakimbizi wenzao walisema tangu Kismayo hakumweka chini ila wakati wa kuswali. Kando yake walikaa Ramlo na Mustaf, miguu imepasuka. Mohamedamin alimfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi Saynab, akasema, "Habaryar, huyu ni wako." Habaryar ndiyo mama mdogo. Kisha akalala, akaja kuamka kesho yake jioni.

Miaka mitatu nyumba ya Bula Iftin ilikuwa na kelele, na Saynab aliipenda kelele hiyo mpaka akaona haya. Alimlilia dada yake, wallahi alimlilia, lakini kila akiona jozi nne za viatu mlangoni alisema alhamdulillahi kabla hajajizuia. Qali alilala ubavuni mwake, akamwita mama, na asubuhi hakukubali kunywa kitu mpaka kwanza anuse chombo.

Halafu watoto wakaanza kupata karatasi za kwenda ng'ambo, na wa kwanza kuondoka, mwaka 1995, akawa Qali, mdogo kuliko wote. Dada wa baba yao, aliyekuwa akikaa Napoli, Italia, alipata kibali cha mtoto mmoja, na sharti awe mdogo. Kulow alikuwa njiani Mandera. Mohamedamin ndiye aliyempeleka Nairobi kwenye ndege. Pale stendi mtoto alimng'ang'ania Saynab shingoni, akapiga mayowe, dereva akapiga honi, watu wakaanza kunung'unika. Saynab akamkalisha dirishani, akamwambia, "Kaa hapo hapo dirishani. Naenda kukuletea maziwa. Narudi sasa hivi."

Mtoto akanyamaza. Akakaa. Saynab akaenda akasimama nyuma ya kioski mpaka basi likaondoka.

Hakumwambia mtu. Kulow aliporudi aliambiwa tu kwamba mtoto aliondoka salama. Lakini wewe msomaji nimekwambia, kwa sababu bila hilo hutaelewa ukaidi wa mwanamke huyu.

Wale wengine wakafuata, mmoja mmoja. Mohamedamin akafika Uswidi, mji wa Gothenburg, akapata kazi ya kusafisha mabehewa ya treni. Ramlo akaenda Vienna, Austria, akaolewa huko. Mustaf akaangukia Rotterdam, Uholanzi, anasoma. Barua hazikuwa mtindo wao, walituma kanda. Mtu anayesafiri alipewa kanda mfukoni, akaifikisha Garissa, na Kulow na Saynab wakakaa mbele ya redio kusikiliza saa nzima ya salamu, kikohozi na magari ya kigeni yakipita nje.

Kanda ya mwanzoni mwa mwaka ule wa 1999 ndiyo iliyoleta habari. Watoto wamekubaliana. Wamekata tikiti za ndege mpaka Roma na kurudi, na nyingine za treni, zile ambazo ukishakuwa nazo unapanda treni yoyote, nchi baada ya nchi, kwa mwezi mmoja. Visa wanazihangaikia wao. "Mlitufuata Diff kwa lori," ilisema sauti ya Mohamedamin. "Sasa mje mtuone kwa treni. Mimi ndiye ninayezifagia, hazina vumbi."

Kulow alilia bila aibu yoyote, akafuta pua kwa kikoi, akasema Mungu amewapa wanne mahali pa mmoja, atamshukuruje? Saynab alitaka kanda irudishwe nyuma ili amsikie tena yule anayetaja majina. Alitaka kuhakikisha kwamba Qali ametajwa. Ametajwa.

Basi wakaanza mipango. Kulow alitafuta ramani ya Ulaya kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, akaitandika mkekani, akaikandamiza kwa vikombe. Yeye ni mtu wa barabara. Akachukua uzi, akaukata, kwa kipimo cha ramani, sawasawa na umbali wa Garissa mpaka Mandera, akapima. Roma hadi Gothenburg: Mandera mara tatu. Hilo halikumtisha. Kilichomtisha ni habari kwamba treni husimama dakika mbili tu.

"Dakika mbili? Mtu akitaka kuswali?"

"Utaswali umekaa," alisema Saynab.

"Na dereva hashuki hata kunywa chai? Huyo dereva gani?"

Kwa penseli akachora njia, na ilikuwa njia nzuri, isiyo na makosa. Ndege inatua Roma. Napoli iko jirani tu, asubuhi unapanda, kabla ya adhuhuri umefika. Kwa hiyo Qali kwanza. Kisha kupanda juu Vienna kwa Ramlo, kukata magharibi Rotterdam kwa Mustaf, kumalizia Gothenburg kwa Mohamedamin, na kushuka moja kwa moja hadi Roma. Akainua uso asifiwe.

"Hapana," alisema Saynab.

"Hapana nini?"

"Utaingiaje nyumba ya mdogo kabla ya nyumba ya mkubwa? Tunaanza kwa Mohamedamin. Halafu Ramlo. Halafu Mustaf. Qali mwisho."

Na hapo, ndugu zangu, ndipo ramani ilipoharibika. Kulow aliifuata amri kwa penseli, shingo upande: kutoka Roma juu kabisa mpaka Uswidi, kutoka Uswidi kushuka tena chini hadi Vienna, kutoka Vienna kurudi juu kushoto hadi Rotterdam, kutoka Rotterdam kuteremka Ulaya nzima hadi Napoli. Akaitazama kazi yake.

"Naa Saynab, hata lori lililokatika usukani haliendi hivi."

"Chai humiminiwa nani kwanza?"

"Mkubwa. Lakini chai haisafiri Mandera mara tatu! Tutatua mlangoni kwa mtoto, tumpite tuende mwisho wa dunia, halafu turudi? Hebu hesabu siku. Mohamedamin hatatuachia kabla ya siku kumi. Ramlo ana mume, wakwe lazima tuwakalie wiki. Mustaf naye. Njia zenyewe zinakula siku. Qali anabakiwa na siku mbili. Treni moja ikichelewa, moja. Mbili zikichelewa, tunapanda ndege hatujamwona."

Saynab alijua hayo yote. Alikuwa ameshazihesabu siku hizo kwa vidole, chini ya buibui, mara ngapi sijui.

"Yule kijana alimbeba mdogo wake kutoka Kismayo," alisema. "Nikimpita, nitakuwa nimemwambia kwamba hakufanya kitu. Na watoto hawa hawana mama, Kulow. Ukianza kuchagua kati yao, basi."

Hiyo ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa nusu ya kweli. Ile nusu nyingine Saynab aliimeza. Duniani kote Saynab hakutamani kumwona mtu kama Qali, na hakumwogopa mtu kama Qali. Angesimama mbele ya mtoto wa miaka tisa akamwambia nini? Kumweka mwisho kulikuwa heshima kwa mkubwa, na kulikuwa pia mwezi mzima wa kujificha tena nyuma ya kioski. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na lilimkera sana.

Wakarekodi kanda ya majibu. Kulow alizungumza juu ya pasipoti, akieleza kwa fahari kwamba serikali imewaandika wote wawili kuwa wamezaliwa tarehe moja Januari, kwa hiyo sasa wao ni pacha. Kisha Saynab akashika kinasa sauti na kusema kwa sauti kavu kwamba wataanza kwa Mohamedamin, kwa sababu ndiye mkubwa, na kwamba Qali avumilie. Neno hilo "avumilie" lilimkwama, akalirudia. Kulow akaikunja ramani, akaitia ndani ya bahasha pamoja na kanda, na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda Ulaya akaichukua.

Wiki tatu, kimya. Tano, kimya. Visa zilipatikana, tikiti zikafika, lakini kanda hakuna. Sokoni Saynab alianza kukosea vipimo, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Maka akawa anampimia.

"Mtoto kakasirika," Saynab alisema siku moja, ghafla, kama anayejisemea.

"Mtoto gani?" akauliza Maka.

Kanda ilikuja imebaki wiki moja waondoke. Ilikuwa saa nne za asubuhi; Kulow aliileta mwenyewe mpaka kibandani na redio begani, maana hakuweza kungoja mpaka mkewe arudi nyumbani. Wakaiweka juu ya jerikeni. Maka akasogea bila kualikwa.

"Habaryar, Adeer Kulow, asalaam aleikum," ilianza sauti ya Mohamedamin; adeer ni kama kusema ami. "Samahani kwa kuchelewa, mtaona kwa nini. Adeer, ramani yako nimewaonyesha wenzangu hapa stesheni. Wamecheka mpaka mkuu wetu akaja kuuliza kuna nini. Anasema hajaona abiria wa namna hii tangu aanze kazi."

Kulow akamtazama mkewe. Saynab hakucheka.

"Sasa, Habaryar, nisikilize. Umesema utaanza kwangu kwa sababu mimi ni mkubwa. Heshima hiyo nimeipokea kwa mikono miwili, Mungu akulipe. Imekuwa yangu, sivyo? Na kilicho changu naweza kumpa nimtakaye. Nampa Qali. Mkitua Roma, nendeni kwake kwanza, mkae mpaka mchoke. Sisi wengine ni watu wazima."

Kanda ikakwaruza kidogo. Alipoendelea sauti ilikuwa chini.

"Habaryar, mimi nilikuwa kwenye basi lile. Nilikuona nyuma ya kioski. Buibui lako lilikuwa limejitokeza nusu, linatikisika. Mtoto aliulizia maziwa mpaka tukafika Mwingi. Nikamwambia foleni ni ndefu. Nisingekuwa na wewe ningeshindwa kumpandisha, na asingepanda siku ile, kibali kingekwisha. Mwaka jana nilikwenda Napoli nikamweleza yote. Siku zote nilikuwa natafuta njia ya kukwambia. Hukuwa mwongo kwetu. Ulikuwa mama. Sasa kanda hii naituma Napoli kwanza, aseme lake, ndipo waitume kwenu."

Saynab alikuwa amekaa chini, mikono yote miwili imeshika mdomo. Kukawa na mlio wa kitufe kubonyezwa, halafu sauti nyingine, ya msichana mkubwa kuliko walivyotarajia, akizungumza Kisomali kinachochechemea:

"Habaryar. Mimi Qali. Mimi niko miaka tisa. Mohamedamin alisema wewe unaogopa mimi. Usiogope. Mimi sikasiriki." Akavuta pumzi. "Hapa maziwa ni ya ng'ombe. Haina moshi. Eeddo, huyo shangazi, anasema hiyo moshi mimi niliota tu. Mimi najua sikuota. Siku yenu ya kufika, mimi nitakaa dirishani. Pale pale dirishani. Wewe lete maziwa."

Kanda ikaisha. Saynab akalia, akalia kwa sauti katikati ya soko, na kati ya machozi hayo kukawa na kicheko, na neno moja tu lililoweza kutoka lilikuwa alhamdulillahi, alhamdulillahi, mpaka wateja wakadhani kuna mtu amejifungua. Maka naye akalia, halafu akatukana jua kwamba linamwingia machoni.

Kulow alizima redio. "Miaka minne," alisema. "Kumbe ndiyo maana hukanyagi stendi."

"Ndiyo maana."

"Ungeniambia."

"Ningekwambiaje?"

Kulow akachukua penseli sikioni, na kwa kuwa ramani ilikuwa Uswidi, akachora njia mpya kwenye gamba la kanda: Roma, Napoli. Mstari mfupi, kama ukucha. "Hizo Mandera nyingine zitafuata," alisema. "Lakini hayo maziwa, Saynab. Ya ngamia hayafiki Roma. Yatafika yamekuwa kitu kingine."

Lakini usimfundishe muuza maziwa kazi yake. Saynab alikuwa amekwisha kuinua chombo kidogo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, urithi wa mama yake, kile kile alichokuwa akinywea Qali. "Maziwa yapo kwao," alisema. "Kinachokosekana ni hiki. Maka, nipe makaa mawili ya moto."

Alikifukiza siku hiyo, akakifukiza kesho yake, na kila siku ya wiki ile, mpaka moshi ukawa umeingia hata kwenye kamba ya kubebea. Siku ya safari alikwenda stendi kwa miguu yake mwenyewe. Akapanda basi, akakaa dirishani, Kulow pembeni yake na pasipoti mbili kifuani. Maka alikuja chini ya dirisha na kikombe cha maziwa, akamwambia anywe, hiki hakina malipo. Akanywa chote, akarudisha kikombe, akashika mkono wa Maka mpaka dereva alipopiga honi.

Basi likaondoka kuelekea darajani. Chombo kilikuwa mapajani mwake, kimefungwa kwa leso, kitupu, na mfuniko aliukaza mara ya pili ili moshi usitoke.